Muulizeni Kukhu Anavyopika Mrenda

"Mimi chumvi sili. Tangu mnikataze sijaionja."

Ndivyo alivyotuambia wodini kukhu mmoja, yaani bibi kwa Kiluhya, mgonjwa wa moyo kutoka upande wa Butere, magharibi mwa Kenya, akiwa ameketi kitandani na mito mitatu mgongoni kwa sababu akilala chali pumzi zinamkata. Ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa ndani ya miezi minne. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini. Ukibonyeza muundi kwa kidole, shimo linabaki pale pale. Nilifungua faili lake. Mara zote mbili alizoruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi alikuwa ameandika kwamba mgonjwa amepewa elimu ya afya. Mara moja kati ya hizo mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili siku hiyo, msichana mtulivu aliyekulia vijiji vya huko huko. Akainama karibu na kukhu akamuuliza kwa lugha ya kwao kuhusu mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza: na mrenda unaupikaje?

Kukhu alimtazama kwa mshangao. "Si kwa magadi, mjukuu wangu? Bila magadi utalainika vipi?"

Nimekuwa muuguzi wa wodi kwa miaka 14 na sikuwahi kuuliza swali hilo. Nilikuwa nikisema "punguza chumvi", mgonjwa anaitikia, natia sahihi. Kumbe kwa kukhu chumvi ni ile ya pakiti inayokaa juu ya meza. Magadi ni kitu kingine kabisa, yako kwenye kopo lake karibu na jiko, na hakuna aliyemkataza. Lakini magadi, yale ya Ziwa Magadi kule Kajiado na tunayouziwa sokoni, ni sodiamu, na sodiamu ndiyo tunayoikimbia tunapomkataza mtu chumvi.

Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, figo hupata damu kidogo kuliko zilivyozoea. Figo hazijui kwamba shida iko moyoni. Zinafanya kana kwamba mwili umekauka, zinashikilia chumvi, na chumvi inashikilia maji. Mchana maji hayo yanashuka miguuni, usiku mgonjwa akilala yanarudi kifuani, naye anaamka saa nane akitafuta hewa dirishani. Furosemidi, ambayo wagonjwa wetu huiita dawa ya kukojoa, inayatoa maji hayo. Ila mtu akitoa maji asubuhi kwa dawa na kuyarudisha jioni kwa magadi, tutaonana naye tena wodini, na kila anapolazwa hurudi nyumbani akiwa dhaifu kuliko alivyokuwa.

Ndiyo maana nasema ugonjwa huu, kwa sehemu kubwa, unashindwa au unashinda jikoni kwa mgonjwa. Na mtu wa mwisho wa hospitali anayeweza kufika jikoni humo, kwa maneno, ni muuguzi anayemkabidhi mgonjwa dawa zake siku ya kuondoka.

Sasa tazameni tunavyomfundisha muuguzi huyo. Mwanafunzi hupimwa jinsi anavyotafuta mshipa, anavyosafisha kidonda, anavyogawa dawa. Mtahini anasimama hapo na orodha, hatua kwa hatua. Kumfundisha mgonjwa kunakuja mwishoni mwa orodha, mstari mmoja, na mwanafunzi akitamka tu kwamba angempa mgonjwa elimu ya afya, anapata alama. Sijawahi kuona mwanafunzi akirudishwa kwa sababu mgonjwa hakuelewa. Nafikiri anastahili kurudishwa, na sisi tuliomfundisha turudi naye.

Kuna pia jambo la lugha, ambalo linaniuma zaidi kuliko yote. Tunasomea uuguzi kwa Kiingereza, kisha tunakuja kumweleza mtu habari za mwili wake kwa Kiswahili, Kiluhya au Dholuo tukiwa na maneno ya kuokoteza. Nimesikia daktari kijana akimwambia mama mmoja, "Moyo wako umeshindwa." Alitafsiri tu alichosoma. Jioni hiyo watoto wa yule mama walifika kutoka Nairobi na Nakuru wakiwa wamejiandaa kwa matanga. Mama mwenyewe alikuwa ameacha kula. Ilibidi niketi naye nimweleze kwamba moyo wake unapiga, ila umechoka, kama pampu ya kisima inayovuta maji kidogo, na kwamba kuna vidonge vya kuupunguzia mzigo. Kwenye mtaala wetu hakuna saa hata moja niliyofundishwa kusema hivyo. Nilijifunza kwa kukosea mbele ya watu.

Msidhani nataka wauguzi wafundishwe utu badala ya sayansi. Kisa cha kukhu chenyewe kinanikatalia. Mwanafunzi wangu, akiwa amefurahi kugundua siri ya magadi, alitaka kumwambia kukhu atumie musherekha, ile chumvi ya kienyeji inayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Inaonekana salama, ni ya asili, mababu waliitumia. Nilimvuta pembeni. Majivu ya mimea yamejaa potasiamu, na kukhu alikuwa anameza spironolaktoni na enalaprili, dawa za moyo ambazo zote mbili huufanya mwili ubakize potasiamu. Potasiamu ikizidi, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuusimamisha. Kwa hiyo swali zuri lilihitaji pia kichwa kilichosoma. Ndiyo sababu napinga wale wanaosema kazi ya kuelimisha mgonjwa ni ndogo na yeyote anaweza kuifanya.

Najua jibu nitakalopewa: wauguzi ni wachache. Ni kweli. Nimewahi kukesha na mwenzangu mmoja tu tukiwa na wagonjwa zaidi ya 40, na mwaka 2017 nilikuwa miongoni mwa waliokaa nje karibu miezi mitano katika mgomo wa wauguzi. Waajirini wengine, nitapiga makofi. Lakini wanafunzi tunao wodini kila wiki, na tunawatuma kupima presha na kusukuma machela. Kila mwanafunzi akabidhiwe mgonjwa mmoja wa moyo. Aketi naye dakika 20 kabla hajaondoka, amuulize anakula nini na nani anapika, kisha amwombe aeleze mwenyewe atakachofanya akifika nyumbani. Ahakikishe anajua kwamba kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3 huo si unene, ni maji, na asisubiri tarehe ya kliniki. Amuulize anameza nini magoti yakiuma, maana diklofenaki na ibuprofeni za dukani nazo hushikilia chumvi na maji. Amuulize kama siku ya kanisa huiruka dawa ya kukojoa kwa sababu matatu haina choo. Wengi huiruka, na hawasemi mpaka waulizwe bila kugombezwa. Baada ya siku 7 ampigie simu. Na apewe alama kwa kile mgonjwa anachoweza kueleza.

Mizani ndiyo watu wengi hawana. Lakini wahudumu wa afya ya jamii waligawiwa mikoba mwaka 2023, na ndani yake mna mashine ya presha na mizani. Mwanafunzi akijua hivyo, anamuunganisha mgonjwa na mhudumu wa kijiji chake kabla hajatoka getini.

Tulifanya hivyo kwa kukhu. Siku ya 7 mwanafunzi alimpigia simu akiwa amesimama kando ya meza yangu, sauti ikiwa wazi ili nisikie. Kukhu alikuwa amepimwa asubuhi hiyo: kilo 58, zile zile alizotoka nazo. Mrenda sasa anauacha motoni zaidi kisha anautia maziwa, na mzee wake analalamika kwamba hauteremki kama zamani. Mwanafunzi akacheka, kisha akamuuliza analalia mito mingapi.

"Mmoja," akasema kukhu.