Kilo Tatu za Nyanya, Kichupa Kimoja

Balaa lilianzia kwenye lebo. Mke wangu alivaa miwani, akaigeuza chupa ya sosi ya nyanya, akaisoma kimya kimya kama hati ya mashtaka. "Baba Zawadi, unajua kijiko kimoja cha chakula kina gramu 4 za sukari? Hicho ni kijiko kizima cha chai!" Mimi hapo yai langu nilikuwa nimeshalimiminia vijiko vitatu. Nikatafuna polepole.

"Basi kuanzia leo tutajitengenezea wenyewe."

Hiyo "tu" ya "tutajitengenezea", nimekuja kugundua baadaye, ni mimi.

Nikatumwa nyanya kilo tatu. Nikazileta, nikazitia kwenye friji kama mtu mwenye akili. Kosa! Eti baridi inaua harufu na ladha ya nyanya. Haya, nikazitoa, nikazipanga mezani kama wageni wa heshima.

Halafu kumenya. Jamani, nyanya haimenyeki! Kila nikivuta ganda, nyama nayo inaaga. Nikafundishwa: zichore msalaba kitakoni, zitumbukize kwenye maji yanayochemka kama nusu dakika, kisha kwenye maji baridi. Kweli bwana, ganda likavuka kama soksi. Nikaingiwa na mbwembwe. Ya nne ikaniponyoka, ikarukia nyuma ya jiko. Mpaka leo iko huko, na mimi sina haraka nayo. Nilipoanza kukwangua mbegu nikasikia, "We! Usitupe huo uteute, utamu umo humo!" Sasa si ungesema mapema, mama?

Sufuria yangu ya alumini, kipenzi changu, ikakataliwa. Nyanya zina asidi, zinailamba alumini na sosi inakuja na ladha ya bati. Nikachukua ya chuma cha pua. Mafuta kidogo, kitunguu saumu ndani. Simu ikaita. Nilisema "halo" tu, neno moja, kitunguu kikawa mkaa. Na kikiungua hakisameheki, uchungu wake unafika mpaka mwisho wa chakula. Nikaanza upya.

Nyanya zikaingia, zikaanza kutokota. Kutokota gani, zinatema! Shati langu jeupe likapata vipele. Nafunika, naambiwa funua, mvuke utoke. Nafunua, natemewa jichoni.

Kilichonikera hasa ni sufuria kupungua. Ilikuwa imejaa. Nikikoroga, nikigeuka, imeshuka. Nikawashuku watoto. Nikawapanga mstari, nikawanusa midomo mmoja mmoja. Kumbe katika kila gramu 100 za nyanya, kama 94 ni maji. Yaani katika kilo zangu tatu, kilo mbili na ushei nilibeba maji yaliyovaa ngozi nyekundu! Bomba si lipo hapo jikoni?

Nikaonja: kali. Mkono ukaelekea kwenye kopo la sukari wenyewe, mimi sikuutuma. Mke wangu akakohoa. Mkono ukarudi na karoti. Nikaikwangua, ikapikwa humo humo, na sitaki kukiri lakini ukali ukatulia. Nikapewa na somo juu: ule wekundu unaitwa likopeni, mwili huupokea vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kidogo, ila vitamini C inapungua kwa moto. Nikauliza, kwa hiyo tumepata au tumepoteza? Nikaambiwa nikoroge.

Saa mbili na nusu za kukoroga. Kichupa kimoja, tena hakijajaa. Akakibandika tarehe kwa fahari: kinakaa friji siku nne. Kilikaa mezani dakika kumi. Watoto walifuta mpaka mfuniko.

Mke wangu akawatazama, akatabasamu, akanigeukia.

"Baba Zawadi, Jumamosi tupike kilo sita."

Tupike. Mmeisikia hiyo "tu"?