Kampuni ya Mtu Mmoja na Kanuni za Wafanyakazi wa Wakala Uingereza: Je, Cheti cha Usajili ni Ngao?

Mtu anayetafuta kazi ya muda Uingereza kupitia wakala wa ajira, awe mtaalamu wa kompyuta mjini London au dereva wa lori la mizigo, huenda akaelekezwa jambo moja kabla hajaanza: afungue kampuni yenye dhima ya kikomo, wakala ailipe kampuni, nayo kampuni imlipe yeye. Ushauri huo huandamana na dai la pili, linalotamkwa kana kwamba limekwisha kuamuliwa, kwamba mwenye kampuni hahusiki tena na Kanuni za Wafanyakazi wa Wakala za mwaka 2010. Dai hilo lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo haupo pale wasemaji wanapodhani upo.

Kanuni hizo zilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011 katika England, Scotland na Wales, zikitekeleza agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 kuhusu kazi za muda za wakala. Tangu siku ya kwanza mfanyakazi wa wakala anaweza kutumia huduma za pamoja za mahali anapopelekwa, kama vile kantini na usafiri, na kupewa taarifa za nafasi za kazi zilizo wazi. Akitimiza wiki 12 katika kazi ileile kwa mpokeaji yuleyule, yaani kampuni au taasisi anayoifanyia kazi, anastahili malipo, saa za kazi, mapumziko na likizo ya mwaka sawa na ambavyo angepata kama angeajiriwa na mpokeaji huyo moja kwa moja. Kanuni hizi peke yake hazimgeuzi kuwa mwajiriwa, wala hazimpi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki.

Wanaosema kwamba mwenye kampuni yuko nje huanzia kwenye maandishi ya Kanuni ya 3. Mfanyakazi wa wakala, kwa mujibu wake, ni mtu binafsi anayepelekwa na wakala kufanya kazi kwa muda, chini ya usimamizi na maelekezo ya mpokeaji, akiwa na mkataba wa ajira na wakala au mkataba mwingine wa kufanya kazi yeye mwenyewe. Mwenye kampuni hana mkataba na wakala, kwa kuwa aliyetia saini ni kampuni, na kisheria kampuni ni mtu anayejitegemea, tofauti na mwenye nayo. Zaidi ya hayo, kanuni hiyohiyo inamtoa waziwazi mtu ambaye, kwa namna mkataba wake ulivyo, wakala au mpokeaji ni mteja wa biashara anayoiendesha. Na ni nani mwenye biashara, huuliza watetezi wa hoja hii, kama si mtu mwenye kampuni iliyosajiliwa, anayetoa ankara na kuwasilisha hesabu kila mwaka?

Hoja ya mkataba ingekuwa nzito kama kanuni ingeishia hapo, lakini haikuishia hapo. Aya zinazofuata ziliandikwa kwa ajili ya mnyororo wa namna hii hasa. Zinasema kwamba mtu anayefika kwa mpokeaji kupitia mpatanishi mmoja au zaidi, yaani kampuni inayosimama kati yake na wakala au mpokeaji, huhesabiwa kuwa amepelekwa na wakala iwapo wakala alihusika katika mipango iliyomfikisha hapo, na kwamba mtu huyo atachukuliwa kuwa ana mkataba na wakala hata kama karatasi yenye majina yao wawili haipo. Kisha zinaongeza kwamba hazuiliwi kuwa mfanyakazi wa wakala kwa sababu tu ameajiriwa na mpatanishi au analipwa kupitia kwake. Maneno hayo hayachagui kati ya kampuni mwamvuli, ile inayowaajiri na kuwalipa watu wanaopelekwa kazini na mawakala, yenye mamia ya wafanyakazi, na kampuni ya mtu mmoja. Mwongozo ambao serikali iliutoa mwaka 2011, kabla kanuni hazijaanza kutumika, nao ulieleza kwamba kupitisha mapato katika kampuni hakumtoi mtu nje ya kanuni kwa jambo hilo peke yake.

Kwa hiyo nguzo ya kwanza ya dai imeanguka. Ya pili, ile ya biashara, bado imesimama, na kwa maoni yangu ndiyo pekee yenye uzito. Haiulizi mtu amesajili nini, bali anafanyaje kazi. Mhandisi wa programu anayekubali kujenga mfumo kwa bei ya jumla, anayetumia vifaa vyake, anayerekebisha makosa yake kwa gharama yake na kuhudumia wateja watatu kwa wakati mmoja, ni mfanyabiashara, na pengine hata sharti la kusimamiwa na kuelekezwa halimfikii. Dereva anayepangiwa zamu, anayepewa lori la mpokeaji na kuambiwa njia ya kupita ana cheti cha usajili kama cha mhandisi, lakini ni vigumu kuona ni biashara gani anayoiendesha. Kati ya hao wawili wamejaa watu ambao hali yao haijulikani mpaka mienendo ya kila siku ichunguzwe, na hapo ndipo mawakala hukosea kwa kuwapanga wote katika kapu moja.

Mwelekeo wa mahakama haumpi faraja anayetegemea karatasi. Mwaka 2011, katika kesi ya Autoclenz iliyohusu waosha magari, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kwamba vifungu vya mkataba visivyolingana na uhalisia wa kazi vinaweza kupuuzwa. Katika kesi ya Pimlico Plumbers ya mwaka 2018, ruhusa finyu ya kumtuma mwenzako akufanyie kazi haikutosha kuondoa ukweli kwamba fundi alitakiwa kufanya kazi mwenyewe. Kesi ya Uber ya mwaka 2021 ilikwenda mbali zaidi, ikasema kwamba swali la haki zilizowekwa na sheria huanzia kwenye sheria, si kwenye mkataba ulioandikwa na upande wenye nguvu. Hakuna hata moja kati ya kesi hizo iliyohusu kampuni ya mtu mmoja chini ya Kanuni za 2010, na anayetetea upande wa mawakala ana haki ya kusema hivyo. Hata hivyo sioni sababu ya majaji kuanza kuheshimu karatasi kwa kuwa tu imebeba namba ya usajili.

Upo mkanganyiko mwingine unaohitaji kutengwa, nao ni ule wa fomu ya kujitoa. Kanuni za Mwenendo wa Mawakala wa Ajira za mwaka 2003 zinaruhusu kampuni na mtu anayeifanyia kazi kukubaliana, kwa taarifa, kwamba kanuni hizo zisiwahusu. Wengi waliotia saini fomu hiyo wanaamini wamejitoa katika kila kitu. Sivyo. Kanuni za 2010 hazina mlango wa namna hiyo. Kinyume chake, zinabatilisha makubaliano ya kuzikana, isipokuwa yale ya kumaliza mgogoro kwa utaratibu uliowekwa.

Kodi nayo imezidisha utata. Chini ya kanuni za IR35 zilizoanza mwaka 2000, mtu anayefanya kazi kama mwajiriwa nyuma ya kampuni yake hukatwa kodi kama mwajiriwa. Uamuzi wa hali yake ulihamia kwa mpokeaji wa sekta ya umma mwaka 2017, na kwa kampuni binafsi za kati na kubwa mwaka 2021. Kisheria uamuzi huo ni wa kodi tu. Hauamui kama mtu ni mfanyakazi wa wakala. Lakini mpokeaji aliyeandika kwamba mtu huyu, kama si kampuni, angekuwa mwajiriwa wake, atapata kazi kubwa kulishawishi baraza la ajira, chombo kinachoamua migogoro ya kazi, kwamba mtu huyohuyo ni mfanyabiashara anayemhudumia mteja.

Tuwatendee haki wanaopinga: wapo wenye kampuni wasioutaka ulinzi huu, na wana sababu. Mtaalamu anayelipwa zaidi kwa siku kuliko mwajiriwa wa ngazi yake hapati nyongeza yoyote katika kanuni ya usawa wa malipo, na anaogopa kwamba wakala, akihofia wiki ya 12, atamkatiza kazi mapema au kumsukumia kampuni mwamvuli. Faida kwake ni ndogo, labda likizo. Kwa dereva au mtu wa zamu za ghalani, ambaye kampuni ilikuwa sharti la kupewa kazi na hakuichagua, tofauti ya malipo na likizo inaweza kuwa fedha anayoihitaji. Akitaka kudai, kwa kawaida ana miezi mitatu tangu haki ilipokiukwa kuanzisha madai yake, na ajiandae kwa swali la ajabu kidogo: kwa kuwa kanuni zinamhesabu kuwa wakala hata yule anayepokea na kupitisha malipo ya watu wanaopelekwa kazini, upande wa pili unaweza kudai kwamba miongoni mwa wanaopaswa kujibu ni kampuni yake mwenyewe.