Uliza mafuta yametolewaje, usiulize bei tu

Siku hizi huwezi kupitia maduka ya urembo ya mtandaoni bila kukutana na kichupa cha "mafuta safi ya asumini, yametolewa kwa mvuke", bei yake haizidi sahani ya pilau. Mimi siyaamini. Sisemi wauzaji wote ni matapeli, maana wengi wamenakili tu lebo ya mwenzao. Ila asumini na mvuke haviivi chungu kimoja.

Mvuke unafaa mimea yenye ubavu. Mfano mzuri ni kiwanda cha makonyo kule Wawi, Chake Chake, Pemba. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Yanashindiliwa kwenye pipa kubwa la chuma, mvuke unaingizwa kwa chini, unapanda nayo harufu hadi kwenye bomba lililopozwa kwa maji, na humo unarudi kuwa maji huku mafuta yakijitenga. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 250 na ushei. Ikifuatana na mvuke, inatoka hata kabla ya nyuzi 100! Tena mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo hutuama chini, wakati ya mchaichai huelea. Mgeni wa kazi anaweza kumwaga mali akidhani anamwaga maji.

Yapo maua yanayostahimili mvuke. Langilangi ya Komoro hupikwa saa nyingi, na mafuta yanayotangulia kutoka huuzwa ghali kuliko yanayofuata. Asumini haimo kundi hilo. Joto linaivuruga harufu yake, na unachoambulia ni kiduchu.

Watu wa Grasse, mji wa manukato kule Ufaransa, walilijua hilo zamani. Walipaka shahamu iliyosafishwa kwenye vioo, wakatandaza maua juu yake, kesho yake wakayaondoa na kuweka mengine, hivyo hivyo kwa wiki kadhaa hadi shahamu ishibe. Asumini huendelea kutoa harufu saa nyingi baada ya kuchumwa, ndiyo maana usumbufu wote ule ulilipa. Baadaye viwanda vilihamia kwenye heksani, kiyeyushi kitokanacho na petroli. Hiyo huvuta harufu pamoja na nta ya ua, kisha nta inaondolewa kwa alkoholi.

Sasa mwanamke wa pwani anayeloweka asumini kwenye mafuta ya nazi, akachuja na kutia maua mapya, ana tofauti gani kubwa na wale wa Grasse? Ananikera mtu anayeyaita mafuta yake ya kishamba, halafu ananunua kichupa chenye lebo ya uongo. Ninachomwomba mama huyo ni kuandika wazi: mafuta ya nazi yenye asumini. Yatanunuliwa tu.

Na ukiuziwa mafuta "safi" ya karafuu, tia tone kwenye glasi ya maji ukoroge. Yaliyojaa nazi yataelea. Kama nazi ni kidogo, yatazama yakakudanganya, basi dondoshea jingine kwenye karatasi nyeupe uiache siku mbili tatu. Karafuu itaruka taratibu, labda ibakize rangi hafifu. Nazi itaacha doa la mafuta lisilokauka.