Profoma mbili mezani: ulinde mashine au ulinde akaunti?

Mama mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma, anayesafirisha dagaa na migebuka kwenda Dar es Salaam, aliniita ofisini kwake nimsomee profoma mbili. Moja ilikuwa ya programu ya kulinda kompyuta zake tano. Nyingine ilikuwa ya huduma ya kulinda akaunti za wafanyakazi wake wanane: imeili, mafaili ya mtandaoni na mfumo wa hesabu. Wauzaji wote wawili walikuwa wameandika maneno yale yale juu kabisa ya karatasi: "usalama kamili".

"Mwanangu, hivi si kitu kimoja hiki?" aliniuliza. "Kila mmoja anasema nikimchukua yeye nitalala usingizi."

"Si kimoja, mama. Huyu anakulindia mlango, yule anakulindia funguo."

"Sasa mlango usio na funguo nautaka wa nini?"

Nikakosa jibu la haraka, na nilipokaa kulitafuta nikaona kwamba swali lake ndilo linalowasumbua hata wenye makampuni makubwa.

Tuanze na mlango. Antivairasi ya zamani ilikuwa kama askari mwenye orodha ya picha za wezi: faili likifanana na picha, linakamatwa. Programu za siku hizi, kama CrowdStrike Falcon, SentinelOne, Sophos au Microsoft Defender for Business, hutazama zaidi mwenendo. Faili la Word likianza kuiamuru kompyuta ishushe programu kutoka mtandaoni, au programu ikianza kuyafunga mafaili mamia kwa dakika moja, inasimamishwa hata kama sura yake haijawahi kuonekana. Upande wa funguo wako Okta, Microsoft Entra ID na wenzao. Hao mashine yako haiwahusu sana. Wanachouliza ni nani anayeingia, kutoka wapi, kwa kifaa gani, na je, amethibitisha kwa njia ya pili mbali na nywila.

Wanaotetea mlango wana hoja nzito, hasa huku kwetu. Pale ofisini kwa mama, flashi moja nyekundu iliyofungwa kamba ya kiatu ndiyo inayobeba stakabadhi kwenda kuchapishwa steshenari ya Mwanga kila printa ikigoma. Niliifungua mbele yake. Mafolda yote yalikuwa yamegeuka shotikati, na mafaili halisi yamefichwa nyuma yake. Kirusi cha zama za kale kabisa, lakini bado kinatembea mjini kwa sababu flashi zinatembea. Kompyuta mbili kati ya tano zilikuwa na Windows ya kuchakachua, na fundi aliyeiweka alikuwa amezima kwanza Defender, antivairasi inayokuja ndani ya Windows, maana huikamata ile programu ya kuchakachulia. Akamaliza kazi, akalipwa, akaondoka bila kuiwasha tena. Kwa ofisi ya namna hiyo, huduma ya akaunti ya bei yoyote ni sawa na kununua kitasa cha Ulaya na kukipachika kwenye pazia.

Historia nayo iko upande wao. Mei 2017 WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, ilizikumba kompyuta nchi nyingi duniani, hospitali za Uingereza zikiwemo, kupitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake tangu Machi. Waliochelewa kusasisha ndio waliolia. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na ukipita maofisi ya hapa utaikuta imekaa mezani kama vile hakuna kilichotokea. Ukimweleza mtu, anakujibu kwamba bado inawaka.

Lakini mlango nao huweza kumwangukia mwenye nyumba. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike ilituma sasisho moja lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zikaganda kwenye skrini ya bluu. Ndege zilikwama na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Hapakuwa na mdukuzi hata mmoja. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeanguka, kwa kuwa programu za aina hii hukaa ndani kabisa ya mfumo. Kasoro ilirekebishwa upesi, ila mashine zilizokwisha kuganda nyingi zilihitaji mtu afike mwenyewe, aiwashe kwa hali ya dharura na kufuta faili husika. Mwenye tawi Nguruka na jingine Kasulu apige hesabu ya nauli na siku.

Sasa funguo. Mfanyabiashara mwingine wa hapa mjini, ambaye simtaji, aliibiwa bila mashine yake kuguswa. Mhasibu wake alipata imeili inayodai kwamba sanduku lake limejaa, akabofya, akaandika nywila kwenye ukurasa uliofanana na wa kweli. Mwizi akaingia kimya kimya akiwa hukohuko aliko, akaweka kanuni moja ndani ya imeili: kila ujumbe wenye neno "malipo" uhamie kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Kwa wiki kadhaa akawa anasoma tu. Mteja wa Dar es Salaam alipouliza namba ya akaunti ya benki, alijibiwa na mwizi, kwa lugha ya mhasibu yule yule, salamu zake na "Mungu akubariki" yake mwishoni. Hii ni ndugu ya ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" tuliouzoea kwenye simu, isipokuwa huyu amekaa ndani ya nyumba na anayajua majina ya watoto.

Antivairasi ilikuwa imesasishwa siku ile ile. Haikusema kitu, na haikukosea: kwenye kompyuta ile hapakuwa na kirusi. Hoja ya watetezi wa akaunti inasimama hapo. Biashara imehama kutoka kwenye mashine, inaishi kwenye imeili na mitandaoni, na nywila moja inafungua vyote. Bomba la mafuta la Colonial kule Marekani lilisimama Mei 2021 baada ya wahalifu kuingia kwa nywila ya akaunti ya zamani isiyokuwa na uthibitisho wa pili. Kampuni iliwalipa fidia ya bitcoin 75, dola kama milioni 4.4 kwa bei ya wakati huo. Microsoft ilidai mwaka 2019 kwamba uthibitisho wa hatua mbili ungezuia zaidi ya asilimia 99 ya mashambulizi ya kuteka akaunti. Ni kauli ya muuzaji, kwa hiyo ipunguze utakavyo. Hata ukiinyoa nusu bado ni kubwa.

Tatizo ni kwamba funguo za kisasa zinataka nidhamu, na zina vituko vyake. Mhasibu wa mama wa Kibirizi tulimwekea programu ya misimbo kwenye simu, ile inayotoa namba sita kila sekunde 30. Uzuri wake ni kwamba haihitaji bando wala mtandao. Inahitaji saa sahihi tu. Akasafiri kwa boti hadi Kagunga kufuatilia mzigo, simu ikadaka mnara wa Burundi, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikamwonyesha saa tatu wakati wenzake botini wanasema saa nne. Akazima ule mpangilio wa saa kujiweka yenyewe, akaisogeza mbele kwa mkono. Kuanzia hapo kila msimbo ukakataliwa, maana simu bado iliamini iko Bujumbura, na saa nne ya Bujumbura ni saa tano ya Kigoma. Nusu siku ofisi haikuingia kwenye imeili, na mimi ndiye niliyelaumiwa.

Kuna wanaosema basi tumieni misimbo ya SMS. Ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini laini ikipotea, au mtu akifanikiwa kuirudisha kwa jina lako, msimbo unamfuata yeye. Na hata programu za kubonyeza "kubali" hazikuwazuia walioishambulia Uber Septemba 2022: walimtumia mfanyakazi wa nje wa mkataba maombi mfululizo hadi akachoka, akabonyeza. Okta yenyewe, ambayo kazi yake ni funguo za watu, Oktoba 2023 ilitangaza kwamba mfumo wake wa kuhudumia wateja umeingiliwa. Mfanyakazi alikuwa ameingia kwenye akaunti yake binafsi ya Google akiwa kwenye laptopu ya kazini, na nywila ya mfumo huo ikahifadhiwa humo. Mwenye kiwanda cha makufuli ameacha ufunguo mfukoni mwa suruali iliyopelekwa kwa dobi.

Mkasa ninaouona unaamua mjadala huu, au niseme unauvuruga vizuri, ni wa wateja wa Snowflake, huduma ya kuhifadhi data mtandaoni, mwaka 2024. Mashirika kama 165 yaliarifiwa kwamba huenda data zao ziko hatarini. Nywila ziliibwa na virusi vya kukusanya siri vilivyokaa kwenye kompyuta za watu, nyingine tangu miaka ya nyuma. Hapo mlango ulishindwa. Nywila hizo zikafanya kazi kwa sababu akaunti husika hazikuwa na uthibitisho wa pili. Hapo funguo zikashindwa. Ukiziba upande wowote kati ya hizo mbili, wizi ule unakuwa mgumu zaidi. Na virusi vya jinsi hiyo haviishii kwenye nywila. Vinabeba pia kuki za kivinjari, zile zinazokufanya usiulizwe nywila kila ukifungua imeili. Mwenye kuki yako anaingia kama wewe uliyekwisha kuthibitishwa, na msimbo wa sekunde 30 hauulizwi tena.

Tukija kwenye pesa, nilimwonyesha mama bei za orodha ya Microsoft kwa kuwa ndizo zinazosomeka bila kupigiwa simu. Defender for Business ni dola 3 kwa mtumiaji kwa mwezi, kila mtumiaji na vifaa visivyozidi vitano: kwake dola 24. Entra ID P1, dola 6: kwake 48. Kifurushi cha Business Premium kinachobeba vyote viwili pamoja na imeili na Office ni dola 22, yaani 176 kwa mwezi, na hapo mama alivua miwani. Jambo ambalo profoma zote mbili zilinyamazia ni kwamba nusu ya kwanza ya kila upande ni bure. Defender ya kawaida imo ndani ya Windows halali. Uthibitisho wa hatua mbili unawashwa bila malipo kwa Google na kwa Microsoft. Unacholipia ni nyongeza: upande wa mashine, kuziona zote kutoka sehemu moja na kufuatilia mwenendo, upande wa akaunti, kuweka masharti, kwa mfano imeili isifunguke kutoka nchi ambayo huna mtu.

Kwa mama wa Kibirizi naegemea profoma ya akaunti, baada ya zile mashine mbili kupata Windows halali na flashi nyekundu kustaafu. Sababu yangu ni aina ya hasara. Kompyuta ikiharibiwa na virusi, ukiwa na nakala za mafaili mahali pengine, unaipangusa na kuanza upya. Unapoteza siku mbili. Hela ya mteja ikishaingia akaunti ya mwizi, kuirudisha ni bahati. Zaidi ya hapo ana majina, namba za simu na madeni ya wateja wake kwenye mfumo wa hesabu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka azilinde taarifa hizo. Kwa mwenye steshenari, au shule yenye chumba cha kompyuta ambako watoto sitini wanapokezana mashine kumi, ningesema kinyume: akaunti pale si nyingi wala hazina hela, mashine ndiyo mali, na flashi zinaingia tangu asubuhi hadi jioni.

Mwenye profoma ya mashine atasema nimempuuza, na ana haki kidogo. Wafanyakazi watatu wa mama bado wanatumia kompyuta moja kwa zamu, na mmoja asipotoka kwenye akaunti yake, masharti yote tuliyoyalipia yanamwona mwenzake kuwa ni yeye. Hilo profoma yoyote haitibu. Linataka mashine ya sita.

Hatujasaini bado. Kabla ya kulipa chochote nilitaka kwanza kujua nani ni msimamizi mkuu wa akaunti za ofisi, yule anayeweza kumbadilishia kila mtu nywila. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti hiyo ilikuwa ya fundi aliyeziunda miaka mitatu iliyopita, ambaye alishahamia Kahama na laini akaiacha. Niliipiga. Ikapokelewa na bwana mmoja muuza chumvi Uvinza, mstaarabu sana, ambaye hamjui fundi wala hajui Kibirizi kuna ofisi gani. Ameniahidi kwamba ujumbe wowote wenye namba ukiingia, atanisomea.