Boliti Iliyolia

Shemeji yangu huchomelea mageti mjini Morogoro, na imani yake ni kwamba boliti ambayo haijalia haijakaza. Kwenye geti, imani hiyo haimdhuru mtu. Madhara yalianza aliponikuta nimemaliza kumwaga oili chafu ya pikipiki yangu yenye injini ya sentimita za ujazo 125, akaniambia kwa heshima zote, "Shemeji, wewe ni mtu wa kalamu, kaa kivulini," akachukua spana namba 17 ili akaze boliti inayoziba tundu la kumwagia oili chini ya injini na, alipoona mkono peke yake hautoshi, akachomeka mpini wa spana ndani ya kipande cha bomba ili aongeze nguvu.

Ieleweke kwamba boliti ile ni ya chuma, ilhali injini inayoipokea ni ya aloi ya alumini, ambayo ni laini na hutaka kubembelezwa. Boliti za milimita 6 zinazoshika kava la injini hutosheka na nguvu ya kukaza ya takriban niutonimita 10. Hii ya chini, yenye kipenyo cha milimita 12, huvumilia zaidi, lakini haikuwahi kuahidi kumvumilia shemeji. Ililia kweli. Kisha ikanyamaza, ikawa inazunguka kwa wepesi wa kifuniko cha chupa ya maji.

"Sasa imekaa," alisema shemeji, akijipangusa jasho.

Ilipochomolewa ilitoka na thredi zote za injini, ile mistari ya mzunguko inayoishika boliti. Tulijaribu tepu nyeupe ya mafundi bomba, ambayo ilizuia oili mpaka injini ilipopata moto. Tulijaribu pia sabuni ya mche, dawa ninayoiheshimu kwa tangi la petroli, ila kwa oili ya moto iliyeyuka tu.

Fundi wa mtaani kwetu, mama mmoja mpole, alimlaza mgonjwa wetu ubavu, akapaka grisi kwenye keekee ili inase chenga za alumini, akatanua tundu, akachonga thredi mpya pana, kisha akazungusha ndani koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, inayorudisha kipimo kilekile cha boliti ya awali na kuwa imara kuliko alumini yenyewe. Kilibaki kijino kidogo kwenye ncha ya koili, ambacho hukatwa na kutolewa kwa uangalifu baada ya koili kukaa. Fundi aligeuka kutafuta koleo. Shemeji, ambaye kazi yake pekee ilikuwa kushika tochi, alikigonga kwa bisibisi. Kijino kikakatika vizuri sana, kikatumbukia ndani ya injini.

Fundi hakusema neno. Aliagiza pikipiki isimamishwe, akamimina oili ya bei nafuu kwa juu, nasi wanaume wanne tukaishika na kuitikisa huku na huku juu ya beseni. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akapokea shikamoo zetu, akauliza kama imekunywa sumu.

"Hapana, mzee," alijibu shemeji kwa adabu, "imemeza chuma."

Kijino kilitoka. Fundi akaweka washa mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia oili isivuje, akakaza boliti kwa spana fupi, akaniandikia hesabu: kuchonga thredi, koili, washa, oili, na mstari wa mwisho, kutapisha. Shemeji aliupinga mstari huo kwa nguvu, akidai kwamba yeye ndiye aliyetikisa zaidi na kwamba fedha hizo ni haki yake.