Nyusi Zangu na Kizungu cha Mkebe

Mnaonicheka hapa barazani, chekeni pole pole. Nyusi huota tena.

Mimi fundi wa vanishi, Majengo hapa mwanijua. Juzi baada ya Alasiri nina kitanda cha mteja uani, nusu nimekipaka, na Mama Swaleh yuko pembeni na viazi karai vyake, makaa yashakolea. Mkebe wa thina, ile ya kuzimulia vanishi, mkononi, natafuta pa kuutua. Si nikajitia msomi, nikausoma! Umeandikwa "inflammable".

Nami darasa la nane nilifika, na mwalimu alitutandika mpaka tukashika: "correct" ni sawa, "incorrect" si sawa. "Visible" chaonekana, "invisible" hakionekani. Basi kama "flammable" ni kitu cha kuwaka, hiki cha "in" si ndicho kisichowaka? Nikautua hatua mbili tu kutoka jikoni, nikafungua kifuniko, roho yangu baridi kama maji ya mtungi.

Babu wee! Kumbe thina haingoji kumwagika. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini ukitafuta kaa la moto, nawe huuoni. Nilisikia "vuuu!", kisha harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Kichwa chenyewe changu. Mama Swaleh akaokoa viazi kwanza, ndipo akanirushia gunia bichi. Mpangilio huo sijausahau.

Binti yangu wa kidato cha pili ndiye aliyenimaliza. "Baba, maneno yote mawili maana yake moja. Hiyo 'in' si ya kukanusha, ni ya Kilatini, 'inflammare', kutia moto. Kisichowaka huandikwa 'non-flammable'."

Mwanangu, na hilo la "in" ndilo wanaloandika kwenye kitu cha kuua watu?

Ati Marekani, miaka ya 1920, National Fire Protection Association, jumuiya ya kukinga moto, ilishaona watu wa akili kama yangu watateketea, ikahimiza liandikwe "flammable" tu, kusiwe na wa kudanganyika. Karibu miaka mia! Meli ngapi zimetia nanga Kilindini tangu siku hizo, na mkebe wangu haujaletewa habari? Ama zimekwama forodhani, zangoja kulipiwa ushuru?

Nikakaa kwenye mkeka, uso unanichonyota, nikawahubiria wote nyumbani. Nikasema Kiswahili ndiyo lugha ya watu wazima: kinachowaka chawaka, kisichowaka hakiwaki, hakuna kumtega mtu. Mama Swaleh kimya, anapasua jani la shubiri. Akanipaka kwenye paji la uso, akainama, akauliza kwa huruma:

"Yawasha?"

Wallahi nilikuwa nishafika mlangoni na ndoo ya maji, napiga kelele, "Nani kawasha? Kawasha nini tena?"