Sinema za kizamani na ada ya korosho: nani ashike kibaba?

Dada yangu alinipigia simu kutoka Mikindani, na salamu hazijaisha vizuri akaniambia nije niongee na "mtu wako". Mtu wangu ni mpwa wangu. Anasoma stashahada ya ujenzi, na muhula uliopita alirudi nyumbani na sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, ya hesabu. Kosa lake, kwa maelezo ya mama yake, si pombe wala wasichana, ni kukesha akiangalia sinema za nyeusi na nyeupe, "za watu waliokwisha kufa wote". Huku Kusini mambo yakiharibika anaitwa mjomba, basi nikaenda.

Hoja ya dada ndiyo yenye pesa ndani yake, kwa hiyo nianze nayo. Ada ya kijana inatoka kwenye korosho. Tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao kwa mnada kupitia ghala, ianze huku mwaka 2007, mkulima hauzi leo akalipwa leo. Anapeleka mzigo, anasubiri mnada, mnada ukipita anasubiri benki. Mama aliyesubiri hivyo, akiamka saa nane za usiku akakuta laptopu inawaka na mwanawe anacheka peke yake, haoni burudani pale. Anaona magunia.

Kijana naye hakukosa la kusema. Alinikalisha, akatuwekea sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, katikati, akafungua Steamboat Bill, Jr., filamu bubu ya mwaka 1928. Kimbunga kinavuma, mwigizaji Buster Keaton amesimama ameduwaa, mara ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia. Anapona kwa sababu amesimama pale hasa dirisha la juu linapotua. Hakuna kompyuta iliyochora kitu. Ukuta ni ukuta kweli, na nafasi iliyomwokoa ilikuwa ya inchi chache. Mpwa wangu akasimamisha picha, akachukua kalamu. "Angalia mjomba, ukuta unazunguka kwenye kitako chake. Dirisha likiwa mita nne juu, wewe simama mita nne mbele." Akanichorea robo ya duara. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikamuuliza kama swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Akacheka, akala mng'oko.

Utetezi mwingine wa wapenzi wa sinema za kale haunishiki sana. Wanasema zinafundisha Kiingereza, lakini filamu bubu itakufundisha Kiingereza gani zaidi ya vile vibao vya maandishi? Wanasema zina maadili kuliko za leo. Tazama Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa hapa hapa Tanganyika, John Wayne akiwa ndiye stelingi: wenyeji wa nchi wengi wako nyuma ya picha, na mambo makubwa ni ya wageni. Itazame, ina mandhari nzuri na faru wa kweli, ila usiniambie ni darasa la maadili.

Kinachonishika ni muda. Ile ya Keaton ni kama dakika 70, inaisha, na ikiisha imeisha. Tena ni bure kihalali, maana filamu zilizotolewa Marekani kabla ya 1929 sasa ni mali ya umma. Gharama ni bando tu. Mwanafunzi aliyetazama moja Jumamosi jioni akalala hajaibia chuo chochote, na nadhani amepumzika vizuri kuliko yule anayetelezesha kidole kwenye simu saa tatu nzima bila kukumbuka alichoona.

Shida niliikuta kwenye flashi. Pamoja na filamu bubu kulikuwa na Bonanza, tamthilia ya kauboi iliyorushwa Marekani kuanzia 1959 hadi 1973. Ina vipindi 431. Kila kipindi kina takriban dakika 50, piga hesabu: zaidi ya saa 350, karibu siku 15 mchana na usiku bila kulala. Waliotengenezewa hawakuwahi kuila hivyo. Walipewa kipindi kimoja kwa wiki, wakangoja. Hata sisi tuliokulia kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha video cha kulipia, mtafsiri wa filamu Lufufu akitutafsiria Wachina na Wahindi, mkanda ukiisha tulitolewa nje, na kurudi ndani ni hela nyingine. Kibaba kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Flashi imempa kijana pishi zima na kibaba hakuna.

Ndiyo maana sikukubaliana na dada kwamba laptopu ichukuliwe, wala na kijana kwamba aachwe. Filamu zinazoisha zibaki. Tamthilia ikae kabatini kwa mama, itoke kipindi kimoja Ijumaa, na sapu ikifutwa tutazungumza upya. Dada alikubali haraka. Kijana alinisindikiza hadi stendi kimya, na nilipokwisha kupanda bajaji akaniuliza mbona hakuna mtu anayehesabu saa za mpira. Rafiki zake wapo kibandani kila wikiendi, mechi tatu Jumamosi na mbili Jumapili, na hakuna mama aliyepigia mjomba simu.

Bajaji ikaondoka. Mimi mwenyewe Jumamosi ile nilikuwa nawahi mechi ya saa kumi na moja.